Usisahau Kubadilisha Mkanda

Aliyesema kwamba siku ya kuposwa binti hukaa chumbani akipakwa wanja wa nyusi, huyo hakumjua Sanobar. Washenga kutoka mji wa Kokandi walikuwa wanatarajiwa saa nane mchana, mikate miwili ya tanuri ilikwisha pangwa juu ya kitambaa cha chakula ikingoja kumegwa, na mwali mwenyewe alikuwa uani chini ya mzabibu, amepiga magoti kando ya gari jeupe la marehemu baba yake, gurudumu limeng'olewa, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Sanobar!" mama yake, Bi Hanifa, aliita kutoka barazani. Macho ya mama yalikuwa na ukungu siku hizi, lakini pua yake ilikuwa nzima na harufu ya grisi aliijua. "Mwanangu, nakuomba kwa Mungu. Leo hii?"

"Leo hii, mama. Kesho kutwa una miadi ya macho kule Fergana. Mkanda wa taimingi umechanikachanika kama kisigino cha mkulima. Ukikatika njiani, vyuma vya juu na vya chini vinagongana, injini kwaheri."

"Mafundi wa Margilani hapa wamekufa wote?"

"Wamejaa kazi. Wamesema wiki ijayo. Na mimi baba alinifundisha."

"Alikufundisha kushika taa!"

"Mshika taa huona kila kitu," Sanobar akajibu, akaitia spana kwenye bolti.

Hayo ya mkanda yalikuwa kweli tupu. Lakini kulikuwa na kweli nyingine ambayo hakumwambia mama. Siku tatu zilizopita, shangazi yake Karomat alimweleza habari za mfamasia wa Kokandi, mjane asiye na mtoto, mtu wa heshima, mpole. Sanobar, mwalimu wa hesabu mwenye miaka ishirini na tisa, aliinamisha kichwa akanyamaza. Shangazi akashangilia: amekubali! Tangu hapo Sanobar alikuwa anajiuliza kama kweli alikubali au alikuwa tu amechoka, na hakupata jibu. Mkate ukishamegwa, jambo limekwisha. Hakuna binti wa Margilani aliyeurudisha mkate uliomegwa ukawa mzima.

Aliisukuma spana kwa mguu, akaisukuma kwa mgongo. Bolti ya puli ya krenki, kigurudumu kinachoziba njia ya mkanda, haikutikisika.

"Imegoma?" mama aliuliza.

"Itakubali."

Mama hakungoja. Alikwenda ukutani akipapasa, akapaza sauti: "Elmurod! Elmurod mwanangu, uko? Njoo umsaidie dada yako hapa, ana bolti imemshinda!"

Sanobar alihisi damu yote ikimpanda usoni. Mama! Mtaa mzima una wanaume, na mama kamwona huyo tu?

Elmurod alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Miaka minne iliyopita alikuwa akija kila Ijumaa kumsaidia baba kwenye gari hili, na Sanobar alikuwa akishika taa. Macho yao yalikutana mara ngapi juu ya injini ile, Mungu ndiye ajuaye. Akileta aprikoti za kwao, matunda ya rangi ya dhahabu, alikuwa anampa mama, lakini zile zilizoiva vizuri alikuwa anaziweka juu kabisa, upande wa Sanobar. Kisha akaenda Urusi kutafuta riziki. Asubuhi ya kuondoka alisimama langoni na begi lake, akamtazama Sanobar kwa muda mrefu hata moyo wake ukataka kutoka mdomoni, halafu akasema maneno ambayo hakuwahi kumsamehe.

"Usisahau kubadilisha mkanda."

Basi! Wanaume wengine huaga kwa maneno ya asali, huyu wake aliaga kwa mkanda. Barua hakuandika, simu hakupiga. Mwezi mmoja uliopita amerudi, na wakipishana kichochoroni anaitazama ardhi.

Lango likalia. Aliingia na bomba refu la chuma mkononi, mkono mwingine kifuani kwa heshima.

"Assalaam alaykum, mama Hanifa. Hujambo, Sanobar."

"Sijambo, kaka Elmurod."

Alichuchumaa. Alikuwa amekonda, na mvi mbili tatu zilimwingia kando ya masikio. Sanobar alitazama pembeni kwa sababu mvi zile zilimuuma, na hakuona sababu ya kuumwa na mvi za mtu.

"Hongera," akaiambia bolti.

"Ya nini?"

"Wageni si ni wa leo?"

"Mtaa huu una masikio marefu."

"Mfamasia. Kazi nzuri. Dawa za mama hazitakusumbua."

"Umekuja kufungua bolti au kuhesabu dawa?"

Elmurod aliiingiza spana ndani ya bomba ili mpini uwe mrefu, akalielemea bomba kwa uzito wake wote, na bolti ikaachia kwa mlio mkali. Akaivuta puli. Kisha akainua kichwa kutazama pale juu, ambapo Sanobar alikuwa amekwisha toa kifuniko kidogo, na mkanda ulikuwa unaonekana. Akaganda.

"Sanobar. Hii rangi nyekundu kwenye mkanda ni ya nini?"

"Ya kucha. Yangu. Mliniibia wewe na baba mkawekea alama."

"Kwa hiyo mkanda huu ni ule ule?"

"Ule upi?"

"Ule niliofunga mimi na marehemu!"

"Kwani mwingine ungetoka wapi?"

Elmurod alikaa chini juu ya gurudumu lililong'olewa. "Baba yako alikuwa anabadilisha kila baada ya miaka miwili. Hakukosa hata mara moja."

"Baba alifariki Desemba ya mwaka ule ule ulioondoka, kaka. Mama hakutaka hata kulisikia gari likiwaka. Limekaa chini ya turubai mpaka sikukuu ya Navruzi ya mwaka huu. Nani angebadilisha?"

"Msiba niliusikia. Nikadhani... nikasema labda fundi... labda wewe..." Alijishika kichwa. "Ee Mungu wangu."

"Nini?"

"Hakuna kitu."

"Umekuwa mweupe kama unga!"

"Nimesema hakuna kitu." Akasimama ghafla. "Sikiliza, nenda kaoge. Wageni wako njiani. Hili gari nitalimaliza peke yangu, kila kitu nitakirudisha mahali pake. Nenda."

Sanobar alimkazia macho. Sasa haelewi kabisa. "Sasa hivi ulikuwa unanipa hongera kama karani wa posta, mara unanifukuza kwenye gari la baba yangu? Una nini wewe?"

"Wewe ndiye una nini! Miaka minne nimengoja neno moja. Moja tu! Ndiyo au hapana. Hata hapana ningeipokea."

"Neno la kujibu nini? Uliniuliza nini?" Sauti yake ilipanda hata kuku wakatimka. "Mimi uliniambia nibadilishe mkanda!"

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nilikuambia ubadilishe mkanda."

Maskini, Sanobar akawaza, baridi ya Urusi imemwingia kichwani. Alitaka kucheka, akajikuta anataka kulia, na hakujua amlilie nani, huyu mwanamume au yeye mwenyewe. Akaokota spana. "Tufanye kazi," alisema. "Kazi hainichanganyi."

Wakafanya kazi. Elmurod alikitoa kifuniko kikubwa cha chini, kile cha plastiki nyeusi, akakiweka mbali kwenye vumbi, upande wa ndani ukitazama ardhi, akasimama mbele yake kama kuku anayeatamia. Walizungusha krenki mpaka alama zikalingana, ya chini na ya chini, ya juu na ya juu. Wakalegeza tenshona inayoukaza mkanda. Sanobar akauvua mkanda mkuukuu.

"Shika gia ya juu," akamwamuru. "Kwa spana. Ikiruka, alama zimepotea."

"Najua."

"Basi usiachie."

Hapo lango likagongwa. Saa saba na nusu! Shangazi Karomat, dada yake baba, aliingia kwa hariri na dhahabu yake, nyuma yake wanawake wawili wa Kokandi wenye shali nyeupe. Wote watatu wakasimama. Walimtazama mwali, wakaitazama mikono yake, wakamtazama kijana aliyeinamia injini.

"Gari lina hitilafu kidogo," shangazi akacheka kicheko kikavu. "Karibuni ndani, karibuni, chai iko tayari." Alipompita Sanobar alimng'ata sikio: "Dakika kumi. Uoge, uvae. Sisi wakubwa tutamega mkate, wewe utaingia kumimina chai tu. Na usithubutu kuniaibisha!"

Mlango wa sebule ukafungwa.

Sanobar alisimama na mkanda mpya mkononi. Dakika kumi. Akashindwa kuingia ndani, akashindwa kubaki. Ili apate cha kufanya, akakiendea kile kifuniko vumbini.

"Kiache hicho!" Elmurod alipiga kelele.

"Baba alikuwa anaandika kilomita kwa ndani. Nataka kuona mwandiko wake."

"Sanobar, nakusihi, usikigeuze. Si leo!"

"Basi njoo uninyang'anye."

Hakuweza. Akiachia gia, kazi yote bure. Alibaki amejikunja pale, shingo imekakamaa, macho yakimfuata kila hatua. Sanobar akakigeuza kifuniko, akafuta vumbi kwa mkono wa gauni.

Mwandiko wa baba ulikuwepo, umepangwa kama daftari: tarehe na kilomita, tarehe na kilomita, namba saba zake zote zimekatwa kistari katikati. Chini ya tarehe ya mwisho, kwa kalamu nzito na mwandiko mwingine wenye kuinama, paliandikwa:

*Sanobar, mdomo wangu hauna ujasiri na mila hainiruhusu. Siku utakayofungua hapa, kama moyo wako haujawa wa mtu, nipelekee neno moja tu. Nitangoja. Elmurod.*

Alisoma mara mbili. Masikio yakaanza kuvuma. "Wewe," akasema. "Wewe! Kwa nini hukuniandikia barua?"

"Hiyo ndiyo barua!"

"Ndani ya injini?"

"Ningeitia wapi? Mama yako anafungua bahasha zote! Humu nilijua utasoma wewe, kwa sababu taa ulikuwa unashika wewe. Nikahesabu miaka miwili. Ikapita, nikasema, amesoma amenyamaza, ndilo jibu lake. Nikakaa miwili mingine nisije nikakuona umeolewa."

"Miaka minne nimekuchukia, Elmurod."

Kwa mara ya kwanza hakumwita kaka. Wote wawili walisikia.

"Na sasa?" Elmurod aliuliza.

Sanobar alikuwa ameona jambo jingine. Chini kabisa, pembeni, kwa penseli iliyofifia, kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Aliinua kifuniko kwenye jua.

"Hiki kifuniko alikifunga nani siku ile?"

"Marehemu. Mimi nilikiegesha pale, nikaenda kunawa mikono. Nilipotoka amekwisha kaza bolti zote. Kwani nini? Kuna nini tena?"

Sanobar aliusoma mstari ule tena. Jamani! Baba alisoma, baba alijua, na baba hakusema neno, kwa sababu baba gani wa Margilani huenda kumtembeza binti yake kwa jirani? Alikaa akingoja wazee waje wenyewe, kama mila inavyotaka. Elmurod alikuwa anangoja neno. Yeye, mjinga wa wote, hata hakujua kuna cha kungoja.

Kutoka sebuleni ikasikika sauti nzito ya mshenga mkubwa ikianza dua. Baada ya dua ni mkate.

"Usiachie gia!" Sanobar akasema, akakimbia.

Aliingia na viatu. Shangazi Karomat alikuwa ameishika mikate miwili pamoja, vidole vimekwisha kaza, na wanawake wa Kokandi wameinua mikono. Sanobar akapiga magoti, akakiweka kile kifuniko cheusi chenye grisi katikati ya kitambaa cheupe, kati ya halua na zabibu kavu.

"Msimege," alisema. "Tafadhali. Msimege."

"Toa uchafu huu!" shangazi akafoka. "Umerukwa na akili?"

"Ni mwandiko wa baba."

Bi Hanifa alinyoosha mkono akakipapasa kifuniko, vidole vikapita juu ya maandishi asiyoweza kuyaona. "Mimi sina macho," alisema polepole. "Wifi, wewe unayo. Huyo ni kaka yako. Soma."

"Wifi, wageni..."

"Soma, Karomat."

Shangazi aliiweka mikate chini, akakiinua kifuniko kwa ncha za vidole. Alisoma maneno ya Elmurod kwa haraka na kwa hasira, midomo imepinda. Kisha akafika kwenye mstari wa penseli.

"Yeye ndiye," akasema, na sauti haikuwa tena ya shangazi mkali. "Ni mwandiko ule ule wa hizi saba alizokata. Mimi ndiye niliyemcheka kwa saba hizo, akiwa darasa la pili." Akakisogeza kifuniko karibu. "Anasema... *Nimeona, kijana. Kwangu mimi ni ndiyo. Leta wazee wako, usichelewe.* Ameandika jina lake. Nabijon."

Bi Hanifa alijifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake. Desemba ile mumewe, akiwa hoi kitandani, alikuwa akiuliza kila siku kama kuna mtu amegonga lango. Walidhani ni homa.

"Bibi," mshenga mmoja alisema, "sisi tumekuja kumega mkate, hatukuja kusomewa vyuma vya gari. Aliyesema hayo Mungu amrehemu, lakini walio hai ndio wanaoozesha."

"Kweli," mama akajibu. "Basi mwenye kuolewa naye yu hai. Sanobar, baba yako kasema lake. Wewe unasemaje?"

Macho yote yakamgeukia. Mtu angedhani sasa angekuwa na jibu safi. Hakuwa nalo. Ndani yake mlikuwa na hasira ya miaka minne, na furaha iliyomtia hofu, na huruma kwa mfamasia asiye na kosa lolote, vyote vimejisokota pamoja.

"Sijui, mama. Leo sijui hata jina langu. Najua kitu kimoja tu. Mliposhika mkate ule nilihisi ni mimi ninayevunjwa."

Mshenga mkubwa akashusha mikono. Alikuwa mtu mzima, ameozesha mabinti saba. "Inatosha," alisema kwa mwenzake. "Neno la baba likitangulia, sisi hatulirukii. Inuka."

Shangazi Karomat aliuchukua mkate mmoja, mzima, akaufunga kwenye kitambaa safi, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili na kichwa kimeinama. Ule wa pili aliurudisha kapuni. Hapo Sanobar akajua kwamba ile posa imekwisha, akalia hadharani bila kujificha, grisi na machozi vikachanganyika mashavuni.

Walipokwisha wasindikiza wageni, shangazi aligeukia uani. Elmurod alikuwa bado amejikunja juu ya injini, jasho linamtiririka, mikono imekufa ganzi kwenye spana.

"Wewe kijana!"

"Naam, shangazi."

"Mama yako haujui mlango wetu uko wapi?"

"Anaujua, shangazi."

"Basi kesho asubuhi aje, na mikate yake. Na safari hii kama una la kusema liseme kwa mdomo! Gari si sanduku la posta." Akaingia ndani, akaubamiza mlango, na nyuma ya mlango wakamsikia akimlilia kaka yake.

Elmurod alitazama mlango, akamtazama Sanobar. "Sijaelewa," akasema. "Mama aje? Kwani hawakumega? Nani amekubali? Marehemu aliandika nini?"

"Shika gia."

"Nimeishika! Nusu saa nzima nimeishika! Niambie."

Hakumwambia. Aliuvalisha mkanda mpya, jino kwa jino, akakaza tenshona. Wakazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili mizima, kama baba alivyokuwa akifanya, taratibu, wakisikiliza kama kuna chuma kinachogusa chuma. Hakikugusa. Alama zikarudi mahali pake, na wote wawili wakashusha pumzi kwa pamoja.

Sanobar akatoa kalamu mfukoni. Alimpa Elmurod mgongo, akakilaza kifuniko gotini. Aliandika tarehe ya leo na kilomita, na saba yake akaikata kistari. Kisha, chini ya penseli ya baba, akaandika neno moja. Akakifunga kifuniko mahali pake, akakaza bolti zote kwa mkono wake mwenyewe.

"Umeandika nini?" Elmurod aliuliza.

Sanobar alifuta spana kwa kitambaa, akamtazama usoni sawasawa, mvi zake na macho yake yaliyochanganyikiwa.

"Usisahau kubadilisha mkanda," akamwambia.